Nani Anamlipa Mtoto Mtukutu?

Hotuba kwa wazazi, walezi na walimu wa shule ya msingi, Temeke, Dar es Salaam

Ndugu Mwenyekiti wa Kamati ya Shule, Mwalimu Mkuu, viongozi wa serikali ya mtaa, walimu wenzangu, wazazi na walezi. Wazee wangu, shikamooni. Kwa wengine wote, habari za mchana.

Nimeombwa niseme machache kabla ya kikao kupiga kura. Jambo lenyewe mnalijua. Wavulana saba wa darasa la sita wamekutwa mara ya tatu muhula huu kwenye kibanda umiza, lile banda la kuonyeshea video, saa nne asubuhi, sare zimekunjwa ndani ya mabegi. Wawili kati yao, walipokuwa wakikimbizwa, walimwangushia mama wa karanga meza yake ikavunjika. Pendekezo lililo mbele yetu ni kwamba wasimamishwe masomo wiki mbili. Wakirudi, watengewe darasa lao peke yao kila Jumamosi, chini ya mwalimu mkali, wachapwe inapobidi na wafanye usafi mpaka wanyooke.

Nasimama kulipinga. Nawaonea huruma watoto hawa, sifichi, lakini huruma siyo hoja yangu. Hoja yangu ni kwamba tukifanya hivyo tutawaongezea kile kile tunachotaka kukiondoa, na nitaeleza kwa nini.

Nimekuwa mwalimu kwa miaka 26, na kwa zaidi ya nusu ya miaka hiyo nimekuwa mwalimu wa malezi, yule ambaye mtoto akishindikana darasani hupelekwa kwake. Wiki iliyopita nilitembelea nyumba zote saba. Nilikaribishwa vizuri, nashukuru. Na katika kila nyumba nilipewa jibu moja: "Mwalimu, mwanangu huyu hakuwa hivi, ameharibiwa na wenzake." Nyumba zote saba. Basi tukiwaamini wote, na mimi nawaamini wote, inabidi tujiulize watoto hawa wanaharibianaje, na kabla ya kukutana walikuwa wamebeba nini kutoka nyumbani.

Naomba nianze na nyumba yangu mwenyewe. Mwanangu wa pili alipokuwa na miaka tisa, jioni moja nilimwambia, "Baba, kachote maji." Akaitika, "Nakuja." Hakuja. Nikaita tena, sauti imepanda. Akasema mbona dada hatumwi. Nikamkaripia. Akaipiga ndoo teke ikabingirika hadi mlangoni. Mdogo wake niliyembeba mgongoni akaamka akilia, chungu jikoni kinaungua, jirani kachungulia dirishani. Nikaona aibu. Nikaiokota ndoo, nikaenda bombani mwenyewe. Nyumba ikatulia.

Sasa tazameni malipo yalivyogawanywa pale. Mtoto alilipwa, kwa sababu ndoo ilimwondokea. Na mimi nililipwa, kwa sababu kelele zilikoma. Hakuna aliyekusudia kumfundisha mwenzake chochote, ila wote wawili tulijifunza. Kesho yake hakuanza na "nakuja", alianza na teke. Siku ya tatu nami sikuanza na "baba", nilianza na mwiko wa ugali mkononi. Nilimchapa, akaenda kuchota maji, nami moyoni nikasema, kumbe huyu husikia mwiko tu. Hapo nilikuwa nimelipwa mara ya pili, kwa somo baya zaidi.

Miaka mingi baadaye nilisoma kazi ya mwanasaikolojia wa Marekani aitwaye Gerald Patterson, aliyefanya utafiti wake katika jimbo la Oregon, nikajiona ndani yake. Yeye na wenzake hawakuridhika kuwauliza wazazi maswali ofisini. Walipeleka watu wakakae majumbani, waandike nani kaanza, nani kajibu, nini kikafuata, sekunde baada ya sekunde. Wakaona katika nyumba zenye mtoto msumbufu kwamba ugomvi ulikuwa na umbo lake: mmoja anadai, mwingine anakataa kwa ukali, ukali unapanda ngazi, kisha mmoja analegea. Anayeshinda hujifunza kwamba ukali unafanya kazi. Anayelegea hujifunza kwamba kulegea kunaleta amani. Mzunguko huo hurudiwa mara nyingi kwa siku, kwa miezi, na mtoto anafika darasa la kwanza akiwa fundi.

Lipo na la pili waliloliona, na kwangu hilo ndilo lililouma. Katika nyumba hizo mtoto akifanya jema, akikaa na mdogo wake dakika kumi bila ugomvi, mara nyingi hakuna aliyegeuka kumtazama. Wema ulipita kama upepo. Ubaya tu ndio uliosimamisha shughuli za nyumba nzima.

Tuna methali tunayopenda kuitaja kwenye vikao kama hiki: mchelea mwana kulia hulia yeye. Wengi wetu tunaisikia kama ruhusa ya fimbo. Mimi naisikia tofauti siku hizi. Methali haikutaja fimbo. Imemtaja mzazi anayeogopa kilio, anayelegea ili kilio kikome. Ningeiacha ile ndoo pale ilipo, ningesimama pale kimya, nikamwambia chakula kitakuwa tayari maji yakifika, angelia. Angelia sana siku ya kwanza. Siku ya nne asingelia.

Kuhusu fimbo nitasema kwa ufupi kwa kuwa najua hapa tumegawanyika. Mwaka 2014 Tobias Hecker na wenzake walichapisha utafiti walioufanya hapa Tanzania katika shule moja ya msingi ya serikali, wakawahoji watoto 409. Asilimia 95 walisema wamewahi kuadhibiwa kwa kupigwa na mzazi au mlezi. Kwa hiyo kama fimbo peke yake ingenyoosha, tungekuwa na taifa lililonyooka kama rula. Na waliopigwa zaidi ndio walioonyesha zaidi ugomvi na ukorofi, na wakapungukiwa na moyo wa kusaidia wenzao. Mtu atasema labda wanapigwa kwa sababu ni wakorofi. Ni kweli, utafiti unaowauliza watoto mara moja tu hauwezi kutenganisha kipi kilitangulia. Lakini anayeufahamu ule mzunguko wa ndoo anajua kwamba kila kimoja kinamzaa mwenzake. Na kwa upande wa shule, walimu wenzangu, kanuni zetu hazikuruhusu kila mwenye fimbo apige. Zinasema visizidi viboko vinne, kwa kosa zito, kwa mkono wa mwalimu mkuu au aliyempa idhini ya maandishi, na viandikwe kwenye kitabu. Kuchapa "inapobidi" kila Jumamosi hakumo humo.

Silaumu mtu. Kati ya hizo nyumba saba, nne zinaongozwa na mama anayeamka saa kumi alfajiri. Mmoja anakwenda Feri kuchukua samaki, mwingine yuko Temeke Stereo na nyanya zake kabla jua halijatoka. Mtu aliyesimama juani kwa muda wa saa kumi na mbili, akirudi hana nguvu ya kusimama imara mbele ya teke la ndoo. Atalegea au atalipuka. Umaskini huingia kwenye tabia ya mtoto kwa mlango huo, kwa kumchosha anayemlea. Na kina baba ambao jina lenu hutumiwa kama fimbo ya akiba, "ngoja baba yako arudi", naomba msikubali kazi hiyo. Mtoto anayemjua baba kama adhabu tu hatamwambia baba chochote.

Mtoto huyo sasa anakuja kwetu shuleni. Kaa kwenye foleni ya uji uone. Mtoto wa nyuma anasukumwa na walio nyuma yake, anamkanyaga mguu aliye mbele. Watoto wengi watageuka, waseme "angalia bwana," basi. Huyu wetu anageuka na ngumi. Kwa nini? Mtafiti Kenneth Dodge alilichunguza jambo hili tangu mwaka 1980, akaona kwamba mvulana mgomvi, mbele ya tukio lisiloeleweka kama ni bahati mbaya au kusudi, huona kusudi. Kikombe kimemwagika? Umenimwagia. Ukimuuliza mtoto wa aina hiyo ofisini kwangu, anakujibu bila kudanganya: "Alinikanyaga makusudi." Anaamini. Ametoka katika nyumba ambayo sauti ikipanda, kinachofuata kinajulikana, kwa hiyo anawahi.

Baada ya ngumi tatu nne, watoto watulivu wanamwacha. Hakuna anayewaagiza. Wanasogea tu kwenye benchi. Kwenye mpira hachaguliwi. Kazi ya kikundi ya Sayansi anabaki peke yake, mwalimu anamgawa kwa nguvu na kikundi kinanuna. Sisi walimu tunachangia pia, tena sana. Tukiingia darasani tukasema "wewe na genge lako", tumeshalitangaza genge mbele ya watoto 90, hata kama jana lilikuwa halipo.

Asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Tunaisema kama kitisho, ulimwengu kama simba porini. Nataka niwaonyeshe huo ulimwengu, nimeuona. Ni wavulana wanne wamekaa kwenye tairi bovu nyuma ya gereji, na wa tano anafika. Wa tano anasimulia jinsi alivyodandia daladala nyuma hadi Mtongani, konda akamkimbiza, ndala moja ikabaki barabarani. Wenzake wanacheka mpaka wanaegemeana. Mmoja anampigapiga mgongo. "Rudia ile ya ndala!" Anarudia, na safari hii konda alikuwa na chuma. Kisha kicheko kinapoa, na yule mtoto anasema, kwa sauti ya chini, kwamba jaribio la Hisabati amepata 38 kwa 50. Kimya. Mmoja anafunga kamba ya kiatu. Mwingine anaulizia gemu.

Nilisimama mbali, hawakuniona. Nilitamani kuingia pale nimpongeze kwa ile 38. Kwa mtoto ambaye mwaka jana alikuwa akipata 12, ile ilikuwa habari kubwa, na aliipeleka kwa watu aliowaona ni wake, nao hawakumlipa hata senti.

Thomas Dishion na wenzake walilipima jambo hilo hilo Oregon, wakachapisha matokeo katika miaka ya 1990. Walikuwa wakifuatilia wavulana 206. Walipofika umri wa miaka 13 au 14 kila mmoja aliombwa aje na rafiki yake, wakae mbele ya kamera wazungumze dakika 25. Kisha watafiti wakahesabu: mtoto akizungumzia uvunjaji wa sheria, rafiki anacheka au ananyamaza? Akizungumzia mambo ya kawaida, je? Kwa jozi fulani kicheko kilikuja kwa maovu peke yake, na wavulana wa jozi hizo ndio walioendelea kuharibika zaidi katika miaka iliyofuata. Kicheko, ndugu zangu. Hakuna aliyemshawishi mwenzake kwa maneno, hakuna aliyemtisha. Tunapomwambia mtoto "waache hao", tunamwambia aache mahali pekee anapochekewa kwa furaha.

Sasa narudi kwenye darasa la Jumamosi.

Mwaka 1939, katika miji ya Cambridge na Somerville karibu na Boston, Marekani, daktari aitwaye Richard Cabot alianzisha mpango wa kuwasaidia wavulana wasiingie kwenye uhalifu. Wavulana walikuwa 506. Baadhi walikuwa wameshasemwa kuwa wasumbufu, wengine wa kawaida. Waliwekwa jozi jozi kwa kufanana, kisha ikarushwa sarafu: mmoja asaidiwe, mwenzake asiguswe. Waliosaidiwa walitembelewa nyumbani, wakafundishwa masomo, wakatibiwa, na wengi wakapelekwa kwenye kambi za likizo pamoja na wavulana wengine. Mpango ulifungwa mwaka 1945. Miaka 30 baadaye Joan McCord aliwatafuta wale wavulana, sasa watu wazima. Wengi wa waliosaidiwa walisema mpango uliwafaa, wakawakumbuka washauri wao kwa upendo. Lakini kumbukumbu za mahakama na hospitali zilisema jingine. Waliosaidiwa hawakuwa na nafuu yoyote kuliko wenzao wasioguswa, na kwa vipimo kadhaa walikuwa na hali mbaya zaidi: kurudia uhalifu, ulevi, hata kufa mapema. Baadaye, pamoja na Dishion, McCord alichambua tena takwimu akaona madhara yamekusanyika kwa wale waliopelekwa kambini zaidi ya mara moja. Watu wema, fedha za kutosha, nia safi kabisa, na bado wavulana walikaa usiku wa kambi wakisimuliana na kuchekeana.

Nasi tunataka kuwaweka saba hawa chumba kimoja, kila Jumamosi, bila mtoto mwingine yeyote wa kumpongeza aliyepata 38. Mwalimu mkali atakuwa mbele ya darasa. Kicheko kitakuwa nyuma yake. Na kabla ya hapo tunawapa wiki mbili za likizo, mama yuko Feri, baba yuko kazini, kibanda umiza kiko wazi.

Nimesikia pia, hapa hapa, mzee mmoja akiwaita Panya Road wa kesho, wale vijana wa magenge ya uporaji. Naelewa hofu hiyo. Tuliokuwepo Januari 2015 tulifunga milango, na 2022 tukaifunga tena. Lakini watoto hawa wana miaka 12. Terrie Moffitt, aliyefanya kazi na watafiti wanaowafuatilia watu zaidi ya 1,000 waliozaliwa Dunedin, New Zealand, mwaka 1972 na 1973, alionyesha kwamba wengi wanaokorofisha wakiwa vijana huacha wakikua, wakipata kazi na familia. Baadhi ya wanaonasa ni wale ambao katikati ya safari walifukuzwa shule, wakafungwa, wakazama kwenye ulevi. Mlango wa shule tukiufunga leo, mmoja wa mitego hiyo tutakuwa tumeutega sisi.

Mtaniuliza, basi tufanyeje? Wenzao haohao wanaweza kutumika vizuri. Mwaka 1969 huko Kansas, Marekani, ulijaribiwa mchezo mwepesi sana. Mwalimu analigawa darasa katika timu, na timu nzima inapata zawadi ndogo ikiwa kelele na fujo hazikuzidi idadi fulani. Mchezo huo ulipopelekwa kwenye madarasa ya kwanza ya mji wa Baltimore katikati ya miaka ya 1980, wakorofi wakatawanywa kila timu, wavulana waliokuwa wagomvi zaidi ndio walionufaika zaidi, na faida ilionekana hadi walipokuwa watu wazima. Kwa nini? Kwa sababu vichekesho vya mkorofi havikulipwa tena. Timu yake ilikuwa ikimtazama kwa jicho la "tafadhali". Na akikaa vizuri walimpigia makofi, labda mara ya kwanza maishani. Nimeujaribu darasani kwangu kwa chaki na ubao, zawadi ikiwa dakika tano za ziada uwanjani. Wiki ya kwanza ilikuwa vurugu. Wiki ya tatu nilimsikia mtoto akimnong'oneza jirani yake mkorofi, "Leo tumebakiza moja tu, vumilia."

Kwa wazazi nina ombi moja. Mnaniambia mnataka kujua watoto wako wapi, mnawapekua, mnawafuatilia. Håkan Stattin na Margaret Kerr waliwachunguza watoto wa miaka 14 nchini Sweden, wakatoa matokeo yao mwaka 2000: wazazi waliojua mengi kuhusu watoto wao waliyajua hasa kwa sababu mtoto aliwaambia mwenyewe. Mtoto husema pale ambapo kusema hakumletei kofi. Jioni, dakika kumi, wakati anamenya viazi na wewe, muulize jambo ambalo halina kosa ndani yake. Muulize nani alifunga goli. Akikuambia ya ndala, usirushe mwiko. Akikuambia ya 38, acha kisu, mtazame.

Kwa hiyo badala ya pendekezo lililopo, naomba tupigie kura hili. Saba hawa wasisimamishwe. Wagawanywe. Mwalimu wa michezo amekubali kuchukua wawili, na hawatacheza upande mmoja. Mwalimu wa Skauti anamchukua mmoja. Mmoja anaimba vizuri, watu wa kwaya wanamtaka. Mmoja mama yake amesema yuko radhi arudi madrasa alasiri, na ustadhi nimezungumza naye. Wawili waliobaki ni wale wa meza.

Meza ya mama wa karanga nimeipeleka kwa fundi, pale kona ya mashine ya kusaga. Anasema mbao nne na misumari nusu kilo vitatosha, na yuko tayari watoto wafanye kazi chini ya mkono wake, mmoja Jumamosi hii asubuhi, mwingine Jumamosi inayofuata, kila mmoja na baba yake. Mama wa karanga amekubali, yuko pale mlango wa nyuma, asante mama. Baba wa kwanza ameshaniambia atakuja saa mbili. Baba wa pili, nakuona umekaa karibu na dirisha. Ningeomba utuambie, kabla kura hazijapigwa.